Usitumalizie Tamthilia

Nina maradhi ya kumalizia watu filamu. Nikishajua mwisho siwezi kuubeba peke yangu, lazima niutue kwenye masikio ya mtu. Kule Koboko kuna kibanda cha video karibu na soko ambako mwenyewe akiniona ananionyesha njia kabla sijatoa kiingilio. Kisa ni siku ile shujaa alipokuwa ananing'inia darajani, nami nikawatangazia watazamaji wote kwamba rafiki yake wa kufa na kuzikana ndiye msaliti. Walinitoa nje mzobemzobe. Sikujuta hata kidogo, maana filamu yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo: mwanamume mzima kajibana ndani ya nguo za mpira, anaokoa mji ambao hauna hata mtu mmoja anayekwenda kununua nyanya. Mji usio na soko uokolewe wa nini?

Maoni ninayo, tena hayangoji kuombwa. Shuleni ninapofundisha, hapa Arua, kuna kitabu cha kutajirika kinachozunguka kwa walimu kama mafua. Kinasema matajiri wote huamka kabla ya jogoo. Shangazi yangu ameamka kabla ya jogoo maisha yake yote kwa ajili ya swala, na utajiri bado haujaulizia nyumba yake iko wapi. Muziki nao ndio usiseme. Vijana wa bodaboda wote wanapiga wimbo mmoja, wa kijana anayelia kwamba ameachwa, na sauti yake imepitishwa kwenye mitambo hadi inafanana na jenereta inayoishiwa mafuta. Ningekuwa yule msichana ningeondoka mapema zaidi. Afadhali hata nyimbo za Kongo zinazovuka mpaka kila siku, ingawa mwimbaji akianza kutaja majina ya wafadhili wake unaweza kwenda kuoga na kurudi umkute bado anataja.

Lakini kazi yangu halisi katika ulimwengu wa sanaa ni kusoma maandishi ya chini. Nyumbani kwa shangazi, nyuma ya msikiti, wanawake wa Kinubi hukutana kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri kusuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula. Kazi hiyo haitaki macho yazurure. Mshono mmoja ukikupita, unafumua duara zima. Sasa tamthilia za Kituruki wanazipenda kufa, ila maneno yanapita chini ya kioo kwa Kiingereza, na macho yao yako kwenye sindano. Basi mimi, mwanamume pekee sebuleni, nakaa kwenye mkeka karibu na televisheni, nawasomea kwa Kiswahili. Masikio yao yananitazamia, mikono yao inasuka.

Ninasoma vizuri, ila siwezi kusoma bila kutia chumvi.

"Anamwambia atampenda hadi kaburini," nasema. "Muongo huyu. Angalieni viatu vyake."

"Soma ile iko imeandikwa," shangazi ananikata. "Maoni yako nani aliuliza?"

"Na usitumalizie!" wenzake wanadakia kwa pamoja, kwa sababu wananijua.

Tamthilia ya mwaka huu ilikuwa ya mwanamke mwenye duka la mikate. Mume wake anaondoka siku moja kwenda mji mwingine kutafuta riziki, anapotea miaka, halafu anarudi amenyoa vizuri akitaka kupokelewa. Wanawake wengine waliifuata kwa raha zao tu. Shangazi hakuifuata kwa raha, na kila aliyekuwa kwenye mkeka alijua sababu.

Mume wa shangazi ni mtu wa Koboko. Alikwenda Juba kufanya biashara nikiwa bado mwanafunzi, ninaishi kwa shangazi, na baada ya miezi michache salamu zikakatika. Hakufa, maana watu walimwona. Hakutoa talaka wala hakutuma hata sabuni. Ramadhani ya kwanza baada ya hapo, shangazi alimwekea fungu lake la futari chini ya tabaga kila jioni, asije akaingia akakuta vyungu vitupu. Isha ikipita ananiambia nile mimi. Nilikula. Nilinenepa kwa kutokuwepo kwake, na mpaka leo nikilikumbuka lile fungu nashikwa na hasira, ingawa lilikuwa tamu.

Sasa amerudi Koboko, na wazee wake walileta ujumbe kwamba anaomba kurudi kwa mke wake. Shangazi aliwapa chai, akawajibu kwa heshima zote: "Ngojeni kwanza mimi namaliza tamthilia yangu." Wazee walicheka. Mimi niliyemwona usoni sikucheka.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa Jumamosi ya sehemu ya mwisho. Nilikuwa sijaitazama kabla, kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuogopa mdomo wangu mwenyewe. Mume amesimama mlangoni, mvua inamnyeshea. Wanamnyeshea mvua kila mara, hao Waturuki, ili tumhurumie. Mwanamke anafungua. Maneno yakapita chini ya kioo, nami nikanyamaza.

"Soma," akasema shangazi.

"Anasema, 'Ingia, nje baridi.'"

Sebule ikalipuka kwa vigelegele. Mimi nilichukia. Nilisema wazi kwamba mwandishi wa upuuzi ule akamatwe, kwamba miaka yote ile haiwezi kufutwa na mvua ya bomba, na kwamba ningemwandikia mimi yule mwanamke maneno, angefunga mlango na kuzima taa. Shangazi alinisikiliza mpaka pumzi zikaniisha.

"Ile mwanamke iko na mutu ya kumuandikia maneno," akasema, akachomeka sindano. "Mimi, nani anaandikia mimi?"

 Tukaanza kuongea habari za bei ya rangi.

Wiki iliyofuata mume akaja na wazee wawili. Shangazi aliwapikia, akaleta chakula kimefunikwa tabaga mpya, wakala wakanawa. Mzee mmoja akasafisha koo ili aingie kwenye jambo lenyewe. Shangazi akanigeukia mimi.

"Weka flashi ya tamthilia. Ile sehemu ya kwanza kabisa."

"Mama, sisi tumekuja na maneno," mzee akasema.

"Maneno iko hapo ndani ya televisheni," akamjibu. "Kaeni tu."

Wanawake walikuwa wameshafika na sindano zao. Wazee walivumilia sehemu moja na nusu, wakakumbuka safari. Mume alibaki. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka Koboko, peke yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Na iliyofuata. Shangazi alimpa maji na chakula, hakumpa neno. Akaendelea kusuka, nami nikaendelea kusoma.

Nilikuwa nimeingoja kwa hamu ile sehemu ambayo mume anafunga mzigo alfajiri na kuondoka bila kumwamsha mke. Nilikuwa nimemwandalia mume wa shangazi maneno tangu katikati ya wiki, makali, hata mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikasoma: "Anasema, 'Nitarudi kabla mikate haijapoa.'" Nikamgeukia ili nimshushie yote. Alikuwa amevua kofia yake, ameikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Maneno yangu yote yakanikimbia. Nilimsikitikia, na hilo lilinikera kuliko kofia yenyewe.

"Soma," akasema shangazi. Nikasoma yaliyoandikwa, bila chumvi.

Jumamosi iliyopita tulifika mahali ambapo mume wa kwenye tamthilia anashuka garini, mji wake umebadilika, hajui aanzie wapi. Yule bwana akaondoka kwenye kiti chake, akaja kuchuchumaa kando yangu kwenye mkeka. Alininong'oneza, lakini sebule ile si kubwa.

"Mwalimu, wewe umeshaona yote," akasema. "Mwishoni, mke anamrudia?"

Sindano zote zikasimama. Wanawake wale hawajawahi kuficha siri ya mtu yeyote tangu nizaliwe. Harusi inayovunjika wanaijua kabla ya bwana harusi. Hakuna aliyefungua mdomo. Shangazi hakuinua macho, ila mkono wake uliokuwa umeshika uzi ulibaki hewani, hauvuti wala haushuki.

Wote walikuwa wananingoja mimi, mwenye maradhi. 

"Mimi bado sijafika huko," nikamwambia, nikabonyeza sehemu inayofuata.