Kuku Waliopimwa Wakiwa Hai

Nilipokuwa bado mtoto wa kaptula moja, kijijini kwetu karibu na Kaengesa, nilikuwa fundi seremala mkubwa kuliko wote. Msibishe. Karakana ya misheni niliichungulia dirishani mara mbili tu, nikahitimu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Majengo, kule Sumbawanga mjini, yalishaanza kujaa vitu, na wachuuzi wakawa wanatufuata huku huku kutafuta cha kununua. Kwetu alikuja Mama Sikitu, mnunuzi wa mayai. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mitetea minane, lakini kila mmoja alitaga anakotaka: chini ya ghala, vichakani, mmoja hata katikati ya shamba la ulezi la jirani. Tulikuwa tunaokota tulichokikuta, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

"Shikamoo mama," Mama Sikitu alimwamkia Bibi siku moja, na kabla hajaitikiwa vizuri akaendelea, "safari iliyopita mmeniuzia viza matatu. Moja limepasuka mbele ya wateja, duka zima likakimbia! Jumamosi ya pili nikikuta viza tena, njia hii sipiti."

Alipoondoka, baba akasema, "Mama, hawa wanatumalizia mahindi tu. Kama mayai hayauziki, waende wote."

Pale nyumbani, kuku ndio kitu pekee Bibi alichokiamulia mwenyewe. Nilipomwona anakunja na kukunjua khanga bila sababu, nikajitangaza.

"Bibi, nitakujengea viota vya mbao. Kila kuku na chumba chake, kama gesti."

"Ndiyo maana nikaolewa na wewe, mume wangu," akacheka. "Msumari unajua unaingia kwa upande gani?"

Mbao nilizipata kwenye masanduku yaliyokuja na bidhaa dukani. Kisha, kama fundi mwenye akili, nikaanza na vipimo. Nilimkamata kuku mmoja mmoja, nikamsimamisha, nikampima kwa kamba ya katani toka ukucha hadi utosi. Kila kuku fundo lake. Nilikuwa nakaza fundo la nane Bibi alipotoka jikoni. Mwiko ukamponyoka.

"Deusi! Unapima kiumbe hai kwa kamba?"

"Nataka wasibanwe, Bibi."

"Anayepimwa kwa kamba ni maiti, achongewe sanduku. Na wewe unapima, halafu unachonga sanduku! Hawataingia humo. Na mmoja atakwenda."

Nikacheka kimoyomoyo. Bibi alisali rozari kila jioni, lakini habari za kamba sikuzisikia kwenye katekisimu. Nikagonga misumari, yakatoka masanduku manane marefu, yamesimama kama vibanda vya kuungamia.

Asubuhi iliyofuata tukakuta manyoya bandani. Kicheche kamchukua mtetea mwekundu, yule niliyempima wa kwanza. Saba waliobaki wakaendelea kutaga vichakani, na masanduku yangu wakawa wanayapita kwa mbali kama watu wanaopita nyumba yenye mbwa. Siku nne nzima. Mimi mwenye mdomo wote ule nikaanza kuamini: nimemuua kuku wa Bibi kwa kamba.

Siku ya tano nikampelekea ile kamba. "Bibi, nifungulie."

"Umefunga wewe, fungua wewe."

Akanikalisha chini kando ya banda, nikawa nafungua fundo moja moja huku nikimtaja kuku wake. Fundo la yule mwekundu lilikataa, nikalitia meno. Nikiwa na kamba mdomoni, nikamwona mtetea mweusi amejilaza vumbini mbele yangu. Mfupi! Mdogo kama sufuria ya mtu mmoja. Hapo akili ikaniingia: kuku hatagi akiwa wima. Nimewajengea majumba ya kusimamia, yana mwanga hadi pembeni. Nani atataga hadharani?

Nikayakata masanduku nusu. Bibi akaleta nyasi za chini ya ghala walizozizoea, akatundika vipande vya gunia milangoni, akaacha yai moja ndani la kuwavuta. Kesho yake mtetea mweusi akatoka kwenye sanduku langu akitetea kijiji kizima kisikie.

Jumamosi ile Mama Sikitu aliinua kila yai juani, akalitazama, akalinusa.

"Haya ya jana na juzi," akasema. "Mama, ya wiki ijayo usimpe mtu."

Baba akajifanya anatafuta jembe.

Viota nimewajengea watu mpaka Kaoze tangu hapo, na bado sijui ni mafundo au ni msumeno uliowarudisha kuku. Nikiwasimulia watu nasema msumeno, maana mimi ndiye niliyeushika. Kwa yule mwekundu sina maelezo. Ninachokijua ni kwamba bila kukalishwa pale, nisingetulia hata kidogo nikamtazama kuku. Na Bibi, kosa langu aliniachia nilitengue kwa meno yangu, halafu siku ile ile akaniruhusu nishike nyundo tena.

Sasa binti yangu anajifunza kupiga randa. Akiharibu ubao, namwachia, nakaa pembeni, nanyamaza. Na wanaonijua watakwambia, kunyamaza kwangu si kazi ndogo.