Dakika Tano za Mabanga

Mama mkwe wangu, hapa Kitale, ana maharagwe ambayo mbegu yake hajawahi kununua. Alipewa na mama yake, naye kila msimu huwagawia majirani kwa bakuli. Kwa hivyo tuliposikia serikali inajadiliana na nchi za nje kuhusu mkataba wa biashara, na ndani yake kuna kifungu cha kuzuia watu kugawana mbegu, alikosa raha kabisa. Kamati ya bunge ilikuwa inakuja Mabanga, kule Bungoma, kusikiliza wakulima kabla mazungumzo hayajaisha. Kikundi chetu cha akina mama kikanichagua mimi niende nikakatae. Ati nina mdomo.

Kila msemaji alipewa dakika tano. Sasa mimi nimelelewa, siwezi kusimama mbele ya wageni nianze kulalamika tu hivyo. Nikamshukuru Mungu kwa mvua. Nikawasalimia waheshimiwa mmoja mmoja, nikamshukuru chifu, mchungaji aliyetuombea, hata wapishi. Nikasema tumefurahi sana mkataba kuletwa kwetu. Watu wakapiga makofi, nami nikanogewa. Nilipovuta pumzi niingie kwenye mbegu, karani akagonga kengele.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Nilimsihi aniongeze hata dakika moja, akasema foleni ni ndefu, tena hata wao wabunge hawajaonyeshwa maandishi yote, wanapapasa tu kama sisi. Nilimhurumia, bana. Lakini nilijihurumia zaidi.

Baada ya wiki mbili chifu akatuletea ripoti. Nilimsomea mama mkwe jikoni akichambua maharagwe. Kikundi chetu kilikuwa na mstari mmoja: msemaji wao aliushukuru mkataba na hakuwa na pingamizi. Machozi yalinitoka kwa aibu. Karani hakuwa ameongeza neno, hayo ndiyo niliyosema.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliniuliza kama wale wakubwa wamemaliza kuzungumza. Nikamwambia bado, na maoni ya kuandika yanapokelewa mpaka Ijumaa.

“Basi andika,” akasema. “Na uanze na hapana.”

Nikachukua daftari la mtoto, nikaandika neno hilo juu kabisa. Nimezaa watoto wanne, nimezika mume, na sikuwa nimewahi kumwambia mkubwa yeyote hapana bila kumsalimia kwanza.