Mbuzi wa Sakafuni

Baba yangu alikuwa na kesi moja maishani, na mshtakiwa alikuwa yeye mwenyewe. Alidaiwa kwamba akiwa mtoto wa miaka kumi, huko Iringa, alimfunga mbuzi vibaya. Kwa kosa hilo alichapwa viboko, mbuzi akachinjwa na kuliwa na msimamizi wa ujenzi, na babu hakumwamini tena na mfugo wa aina yoyote. Sisi wanawe, tuliokulia mtaa wa Soweto, Mbeya, tuliisikia kesi hiyo mpaka tukaichoka. Alikuwa akianza tu, "Mimi yule mbuzi nilimfunga," mama anainuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata kama hakuna kilichobandikwa.

Shahidi aliyemtia hatiani alikuwa shangazi, mdogo wake wa tumbo moja, wakati huo ana miaka sita. Wajerumani walikuwa wanajenga nyumba ya mawe, na babu alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kufyatua matofali bapa ya sakafu. Matofali mabichi yalianikwa uwanjani, na kazi ya baba ilikuwa kufukuza kuku, mbwa na chochote chenye miguu kisije kikayakanyaga. Siku hiyo alimfunga mbuzi wake kwenye kisiki, akamwacha dada yake pale, akaenda mtoni kuchota maji. Aliporudi alimkuta msimamizi amefura kwa hasira. Matofali mawili yamekanyagwa, na shangazi ameshasema ni mbuzi. Baba hakuonyeshwa hayo matofali. Alionyeshwa fimbo.

Matofali hayo yalichomwa hivyo hivyo, maana hakuna aliyetaka kurudia kazi, na babu aliwahi kusema yalitandikwa chumba cha ndani, chini ya dirisha. Baba aliamini kabisa kwamba aliyekanyaga ni mbwa wa Mjerumani. "Kwato na unyayo wa mbwa ni vitu viwili," alikuwa akisema. "Nikiona tu, maneno yamekwisha." Shida ni kwamba hakupata kuona. Enzi za ukoloni hakuwa mtu wa kuingia mle, na baada ya Uhuru ikawa ofisi, sakafu imefunikwa zulia la plastiki. Kisha, katika miaka ya sabini, tukasikia ofisi imehama, na nyumba inatunzwa kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote mjini, na kwamba Jumamosi watu wanaruhusiwa kuingia kuitazama. Baba alikuwa amevuka miaka sabini na kifua kinamsumbua. Alisema hataki kufa na kesi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na habari za mbuzi aliyeliwa kabla sijazaliwa hazikuwa zinaninyima usingizi. Nilimpeleka kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na kwa kuwa nilitaka yaishe. Lami ilikuwa mpya na basi lilikwenda vizuri, isipokuwa Makambako, ambako dereva alishuka kunywa chai akakaa kama aliyealikwa harusini. Usiku tulilala kwa shangazi, jirani na Tosamaganga. Asubuhi alituambia naye anakwenda. Nilishangaa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu na asingeona kitu. Lakini alishavaa kitenge chake cha kanisani, na baba akasema, "Mwache aje. Shahidi lazima awepo."

Nyumba yenyewe haikunisisimua. Kuta nene, madirisha madogo, baridi kama ndani ya mtungi. Mtunzaji, mtu wa makamo aliyevaa koti la kaki, alituamkia kwa Kihehe, kamwene, nasi tukaitikia kamwene, akatuomba tuvue viatu barazani kwa sababu sakafu imepigwa nta. Shangazi nilimvua mimi raba zake. Kisha tukaanza kuzungushwa chumba kwa chumba.

"Matofali haya ya sakafu," alisema mtunzaji, "yaliletwa kwa meli kutoka Ujerumani."

"Kwa meli mpaka Iringa?" baba aliuliza.

"Mpaka pwani, mzee. Halafu wapagazi."

"Udongo wa kwetu ulikuwa umekwisha?"

Mtunzaji alicheka kwa adabu na kutupeleka chumba cha ndani. Baba hakumsikiliza tena. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha, akapiga magoti kwa shida, akaanza kufuta matofali kwa kiganja, moja baada ya jingine. Mimi niliinama nyuma yake. Tuliona kwa pamoja.

Haikuwa kwato, wala haukuwa unyayo wa mbwa. Vilikuwa vidole vitano vya mguu wa mtoto, dole gumba limezama kuliko vingine. Kisigino kilikuwa kwenye tofali jingine, mbali kidogo, karibu na ukuta, kwa kuwa fundi aliyetandika hakujali lipi linafuata lipi. Nilivipima kwa macho, ndiyo mazoea yangu. Mtoto wa miaka sita, labda saba.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani. "Kaka," aliita. Wao wawili walizungumza Kihehe siku zote, nami nakiandika kama nilivyokielewa. "Kaka, umeona nini?"

Mtunzaji alisogea, akachungulia, akasema, "Lakini mzee, huu si mguu wa..." Baba alimtazama, naye akanyamaza.

"Kwato," baba alisema. "Mbuzi wangu huyu hapa. Nilimfunga vibaya."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika kuliko nilivyotarajia. Miaka yote ile tumelishwa kesi hii mezani, na siku ushahidi unapatikana anautupa! Nilimsaidia kuinuka. Vumbi la nta lilikuwa limemshika magotini.

Mtunzaji alimalizia maelezo yake harakaharaka, akatutoa barazani. Tuliketi kwenye ngazi kuvaa viatu. Shangazi alishika raba moja mapajani, hakuivaa.

"Kaka, ulimfunga vizuri," alisema.

Baba alikuwa anahangaika na kamba za viatu vyake. Akaacha.

"Udongo ulikuwa wa baridi," shangazi alisema. "Nilitaka kuusikia tu, mguu mmoja. Halafu yule mtu akaja na fimbo, nikaogopa."

Niligeuka upande wa barabara, kwa sababu sikutaka kuuona uso wa baba.

"Mafundo mawili," alisema baba. "Nilimfunga mafundo mawili."

"Mawili," shangazi akaitikia. "Niliyaona."