Dakika Thelathini na Mbili za Kunyamaza

Jaukala alikuwa na miaka arobaini na minane, na hasira ya miaka kumi na mmoja, tangu mumewe Padam ahamie kwa mjane wa ng'ambo ya mto. Wakabaki wakigombea mtofaa mmoja. Wazee wa Simikot walipochoka na matusi yao wakakata shauri: atakayemsemesha mwenzake kwanza, mti ameupoteza. Miaka miwili ikapita bila neno.

Kisha binti yao akajifungua huko Juphal. Ndege iliyokuwa ikipeleka mchele ilibakiza viti vitatu: Jaukala na Padam bega kwa bega, na nyuma yao mzee Kalu, shahidi wa wazee.

Jaukala akamwendea Harka, karani wa uwanja. "Mdogo wangu, nitakaa na lile zimwi muda gani?"

Harka akalaza rula juu ya ramani. "Kilomita mia moja arobaini na sita. Ndege inakwenda mia mbili sabini kwa saa. Dakika thelathini na mbili, dada."

"Kwa miguu ni siku kumi na mbili. Zilizobaki zimekwenda wapi?"

"Miguu inazunguka milima. Ndege inapita juu."

Saa hakujua kuisoma. Basi akaketi ofisini akisokota sufu mpaka Harka aliposema muda umetimia, kisha akapima donge jingine sawa na lile. Likiisha, wamefika.

Angani Padam alitafuna vitunguu saumu na kumsukuma kwa kiwiko. Jaukala akasokota. Akasokota mpaka sufu ikaisha, na chini hapakuwa na Juphal, palikuwa na wingu. Rubani akaanza kuzunguka. Rula ya Harka haikujua mawingu.

Mikono ilipokosa kazi, maneno ya miaka kumi na mmoja yakampanda kooni. Akasokomeza ncha ya shali mdomoni.

Padam akamgeukia, midomo ikicheza. Injini ilinguruma, Jaukala hakusikia kitu. Akamtazama Kalu, akimwonyesha midomo ile kwa kidole. Kalu akagusa sikio, akatikisa kichwa.

Hatimaye wakatua, injini ikazimwa. Padam, masikio yameziba, akapaza sauti kama anayeita mbuzi mlima wa pili:

"Jaukala, tumeshafika?"

Wapagazi wote wakageuka.

"Hiyo nimeisikia," alisema Kalu.

"Sijasema kitu," Padam akanguruma tena.

Jaukala akatoa shali mdomoni taratibu, akaikunja. "Tumefika, kichwa cha nyumbu wewe. Na matofaa mwaka huu utayanunua sokoni."

Kwa kuwa sasa hakuzuiwa na mtu, akaanza na mambo ya mwaka wa kwanza, Padam mbele, yeye nyuma, Kalu akijikokota mbali nao. Walipofika mlangoni kwa binti, Jaukala alikuwa amefikia mwaka wa tatu tu, na mjukuu ikabidi asubiri.