Pampu ya Owiti

Siku aliyozikwa Owiti kule Kajulu, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, nduguye Laban aliifungua pampu kutoka kwenye fremu ya baiskeli ya marehemu akaingia nayo nyumbani kwake. Baiskeli yenyewe hakuigusa, kwa sababu mama yao, Mama Adongo, alikuwa ameketi mlangoni akimtazama. Lakini waombolezaji walielewa. Mtu akishachukua kamba, ng'ombe naye yuko njiani.

"Shemeji," Laban alimwambia Akello, mjane, "baiskeli si sufuria. Itakaa huko kwako Manyatta mpaka ioze. Wewe hata nati hujui inafunguliwa upande gani."

Maneno hayo yaliuma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kuendesha Akello alijua tangu shule ya msingi. Kutengeneza hakujua, maana kwa miaka ishirini na sita Owiti hakukubali mtu mwingine ashike spana. Kila Jumapili baada ya kanisa aliipindua baiskeli miguu juu uani, akaifuta spoku moja baada ya nyingine, mkewe akiparua samaki kando yake. Ndiyo iliyobeba mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga hadi kwenye mageti ya matajiri wa Milimani, na ndiyo iliyowasomesha watoto. Ikienda, Akello angerudi kubeba karai kichwani, na shingo yake haikuwa tena ya msichana.

Mama Adongo alikata shauri mbele ya wote. "Miezi mitatu ikipita tutafanya maombi ya kumkumbuka mwanangu. Akello, siku hiyo uje na baiskeli. Ikiwa nzima, ni yako. Ikiwa imekufa, Laban ataichukua. Kitu ni cha anayekitunza."

Wiki ya pili tairi la nyuma likaisha upepo. Akello aliikokota baiskeli hadi Mamboleo kwa fundi Shitanda, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwavuli uliochakaa.

"Pole kwa msiba, Mama Byron," fundi alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Iache hapo, urudi saa kumi."

"Sikuja kuiacha. Nimekuja kufundishwa."

Shitanda akaweka nyundo chini. "Wateja wote wakijifunza, mimi nitakula nini?"

"Utakula samaki."

"Kwetu tunakula kuku, Mama."

"Basi kila mtu atajifunza kitu."

Fundi alicheka, akamsogezea kigoda. Alimwonyesha kulitoa tairi kwa vipini viwili vya vijiko, kuchovya mpira wa ndani majini aone mapovu yanatokea wapi, kusugua mahali pale kwa msasa, kupaka solusheni, ile gundi ya mpira, na kungoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Akamwonyesha pia kupapasa tairi kwa ndani taratibu. "Mwiba ukiuacha humo, umetengeneza bure." Siku zilizofuata alijifunza kukaza breki na kutia cheni mafuta. Kucha zake zikawa nyeusi, naye akazipenda hivyo.

Lakini tairi lilipotoboka tena nyumbani, na mkono wake mwenyewe ukafanya kazi, kiraka hakikushika. Alibandika jioni, akajaza upepo kwa pampu ya kuomba kwa jirani. Kulipokucha tairi lilikuwa chini. Akarudia. Lilikuwa chini. Mara ya tatu jirani yake Apiyo alisimama mlangoni, mkono shavuni.

"Akello, usinikasirikie. Huoni marehemu anakataa? Hataki kiti chake kikaliwe."

"Owiti hawezi kunifanyia hivyo."

"Wangapi walisema hivyo! Mpe Laban, ulale salama."

Akello aliifunika baiskeli kwa gunia, akabeba karai kichwani wiki nzima. Wala si shingo iliyomuuma zaidi. Alikuwa akiyarudia maneno ya miaka ishirini na sita, akitafuta alipomkosea mumewe. Mwishowe akaupeleka mpira kwa Shitanda, maana hata hukumu mtu huisikiliza mpaka mwisho.

Fundi alikibandua kiraka kwa ukucha. Kikatoka chote, kama ganda la yai la kuchemsha. Akaunusa mpira.

"Mama Byron, huu uliuchovya wapi?"

"Kwenye karai."

"Karai la nini?"

Akello akaitazama mikono yake. Karai lilikuwa lile lile la mbuta, na mikono ilikuwa ile ile iliyotoka kupasua samaki.

"Mafuta," Shitanda alisema kwa upole. "Solusheni haishiki penye mafuta. Owiti hana neno na wewe."

Pale pale kwenye kigoda, Akello alilia. Hata kaburini hakuwa amelia hivyo.

Siku ya maombi aliondoka alfajiri. Alipopita Mamboleo na kuanza mlima wa Kajulu, tairi la nyuma likalia fyuu. Alishuka, akaipindua baiskeli kando ya barabara. Alinawa kwanza, kwa maji ya chupa na kipande cha sabuni alichokifunga kwenye leso, akajifuta mpaka mikono ikakauka. Akautoa mwiba, akasugua, akangoja, akabandika. Kilichobaki ni upepo, na pampu ilikuwa kwa Laban. Basi akaikokota kupanda mlima, tairi likiwa limelala.

Laban alimwona kutoka getini. "Shemeji, imekushinda!"

"Haijanishinda. Niletee pampu."

Mama Adongo akainua fimbo kumwelekeza mwanawe, naye Laban akaileta. Akello alijaza upepo mwenyewe, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaingia kwenye maombi.

Nyimbo zilikuwa ndefu, na mhubiri alikuwa mrefu kuliko nyimbo. Akello aliyafumba macho lakini masikio aliyaacha nje, ukutani. Walipotoka, Mama Adongo alitangulia kwa fimbo yake, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Halikubonyea. Akabonyeza tena, akaacha mkono wake pale kitambo, kama anayempapasa mtu.

"Laban," alisema bila kugeuka, "rudisha kitu cha ndugu yako mahali pake."

Laban alitafuta kipande cha mpira mkuukuu, akaifunga pampu kwenye fremu, pale pale alipoifungua. Akello alilijaribu fundo kwa vidole vyake vyeusi. Lilikuwa legevu. Akalifungua, akalifunga upya.