Bi Gudrun Haamini Kimya cha Mashine

BÖBLINGEN, Ujerumani. Asubuhi hii Gudrun Haisch anaandika kosa kwa makusudi. Kwenye skrini anaiamuru prosesa, ubongo wa kompyuta, isome na kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana, kisha anangoja akaripiwe.

Hakaripiwi. Kitafsiri, programu inayogeuza amri za maneno mafupi kuwa safu za sifuri na moja zinazoiendesha prosesa kwa ndani, kinamaliza kazi kimya.

"Kimya hiki sikipendi," anasema. "Mtoto akinyamaza sana jikoni, nenda kaangalie unga."

Mama huyu wa miaka 63 ametunza vitafsiri vya kampuni moja ya chipu kwa miaka 31. Shaka kazaliwa nayo. Jirani akimaliza zamu ya kufagia ngazi, yeye hupitisha kidole kwenye kona. Wenzake humcheka, lakini mambo yakiharibika humkimbilia yeye.

Na leo yameharibika. Alasiri amri za prosesa anazozikagua zinapelekwa kiwandani kuchongwa ndani ya chipu, na zikishachongwa hazifutiki. Toleo jipya la kitafsiri limeandikwa na Jörn Pfisterer, kijana anayeketi meza ya pili.

"Bi Gudrun, mbona programu yangu wiki nzima haijalalamika?"

"Ndiyo shida yenyewe. Umeifundisha adabu mno."

Mkuu wao, Bwana Wöhrle, anachungulia tena mlangoni. "Gudrun, watu wanangoja! Utashuku mpaka lini?"

"Wakingoja watanuna leo. Tukiwapelekea kosa, watanuna miaka kumi."

Jörn anafungua kazi yake, na uso unamwiva. Alipokuwa akiiharakisha programu, aliruka ukaguzi wa kuona kama amri mbili zinazowekwa katika safu moja zinagongana. Anaurudisha, na papo hapo kitafsiri kinapiga kelele: mbali na kosa la mtego, kuna mengine mawili ya kweli. Haraka haraka haina baraka.

Gudrun anayasahihisha, kisha anamsogezea Jörn skrini. "Kagua."

"Ya nini? Wewe nakuamini."

"Basi kazi bado hujaianza."

Aprili anastaafu, na hilo linamtia hofu kuliko uzee. "Natamani nimwache hapa mtu mmoja tu asiyeniamini," anasema.

Jörn anasoma polepole, kidole kwenye skrini. Kinasimama.

"Bi Gudrun, safu hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Siielewi. Hatupeleki mpaka unieleze."

Gudrun anavuta kiti karibu naye, anacheka mpaka machozi yanamtoka.