Niliomba Risiti, Nikampoteza Binti Yangu

Admin, jina langu lifiche, na la mwanangu pia. Hapa nitamwita Rehema. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Sumbawanga, nauza maharage sokoni. Shule niliishia darasa la nne na naandika polepole kwenye simu hii, nikikosea mnivumilie.

Baba yake Rehema alituacha mtoto akiwa na miaka sita. Alinunua baiskeli kwa mtu kule Chala, bila risiti, kumbe ya wizi. Polisi wakamweka ndani wiki tatu, akatoka na kikohozi ambacho hakikuisha mpaka tulipomzika. Tangu hapo kwangu hakiingii kitu bila risiti. Hata sufuria. Ninazo zote kwenye kopo la maziwa, nyingine wino umefutika, lakini ninazo.

Sasa Rehema ana miaka ishirini na sita. Hapa mjini kuna kikundi cha watu wanaotumia Linux, naye yumo. Nilivyoelewa mimi, ni ile programu inayoifanya kompyuta ifanye kazi, ila hii huinunui. Wanaomba kompyuta zilizochakaa maofisini, wanazitengeneza, wanaweka hiyo Linux, halafu wanazunguka kuwabembeleza walimu wakuu wazipokee ili watoto wajifunze. Na wewe ukikwama na kompyuta yako unaenda Jumamosi, wanakusaidia, hawakudai kitu. Wanakutana chumba cha nyuma kwa fundi cherehani. Mimi nilikuwa nawapelekea chai na mahindi ya kuchemsha, wakanipa jina, Mama Linux. Nikipita stendi nasikia, "Shikamoo Mama Linux!" Naitikia marahaba meno yote nje, wala sijui hiyo Linux ina rangi gani.

Mwaka huu wakapata kompyuta kumi na moja za kuipa shule ya msingi ya mtaani kwetu. Pale pale Rehema alisomea kompyuta ya kuchorwa ubaoni kwa chaki. Alifurahi mpaka akawa anaimba anaosha vyombo. Mimi nikamuuliza, "Risiti zake ziko wapi?"

Akacheka. "Za kompyuta zipo barua za ofisi, mama. Linux ndiyo haina risiti. Unapewa, na wewe unampa mwenzako."

"Nani anagawa kitu kizima hivyo?"

"Watu tu, mama. Wengi. Wengine hata hatuwajui."

"Hata baba yako hakumjua yule aliyemuuzia baiskeli."

Akaacha kucheka. Akaniambia, "Nitakuletea karatasi usome mwenyewe. Nivumilie kidogo."

Sikuvumilia, ndugu zangu. Nilikwenda kwa mtu mmoja anayeuza kompyuta mjini, nikamuuliza. Akasema, "Programu bila leseni ni wizi, mama. Wakija kukagua, aliyeiweka ndiye anaenda ndani." Mengine yote sikuyasikia. Nilisikia hilo neno ndani.

Siku ya mkutano wa wazazi Rehema alikuja kueleza, amevaa koti nililomnunulia alipomaliza chuo. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Nikasimama. Nikasema, "Mimi ndiye mama yake. Hivyo vitu havina risiti. Msivipokee." Moyoni nilisema wakikataa, mwanangu atakuwa salama.

Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Loo! Mama mzazi kamtaja mwanawe mwizi!" Watu wakacheka. Mwalimu mkuu akafunga daftari, akasema, "Kama mama yake ana mashaka, mimi ni nani nizipokee?"

Nje Rehema aliniambia maneno haya, "Mji mzima ungesema, mama, ningevumilia. Lakini wewe?" Hakulia. Afadhali angelia.

Kesho yake kompyuta, zilizokuwa zimeshaletwa shuleni, zikarudishwa kwa fundi cherehani juu ya guta la magurudumu matatu. Zilipita mbele ya meza yangu sokoni, mvua inanyesha, Rehema anatembea nyuma ameshikilia turubai lisipeperuke. Nilimwita. Hakugeuka. Wiki ile ile akaenda Wampembe kwa rafiki yake, mpaka leo yuko huko. Nikipiga anapokea. "Shikamoo mama. Nipo salama." Basi, anakata.

Mwezi uliopita akaja mezani kwangu mwalimu mstaafu wa kile kikundi, mama wa makamo mwenzangu. Nilidhani kaja kunisema. Akanunua maharage, akaniuliza, "Ile mbegu ya ulezi uliyonipa mwaka juzi, ulinipa na risiti?"

Nikamwambia, "Mbegu ya ulezi mtu anaombwa anatoa, mwalimu. Risiti ya nini?"

"Na mimi nimempa jirani. Nimeiba?"

Akatoa karatasi mbili kwenye mkoba. Ilikuwa ruhusa ya wenyewe walioitengeneza Linux, kwamba kila mtu aitumie, ainakili, amgawie mwingine. Kwa Kiswahili chepesi, herufi kubwa kubwa kwa ajili ya macho yangu. Akasema, "Rehema aliitafsiri mwenyewe. Alituambia kwamba mama yake haamini mpaka aone karatasi. Siku uliposimama mkutanoni alikuwa amebakiza ukurasa wa mwisho."

Nimeiweka kwenye lile kopo. Naitoa, naisoma, nairudisha. Ukurasa wa mwisho haupo.

Sasa mkutano mwingine wa wazazi ni Alhamisi. Kompyuta bado zipo kwa fundi cherehani zimefunikwa, na kila mwalimu mkuu anayeombwa kuzipokea anasema hata mama yake Rehema alizikataa. Nataka nisimame nisome karatasi hii mbele ya wale wale walionicheka na kumcheka. Nilimwambia Rehema kwa simu. Akasema, "Mama, nakuomba, usisimame tena kunisemea."

Nikinyamaza, uongo wangu unabaki pale shuleni na watoto wanaendelea na kompyuta ya chaki. Nikisema, nitakuwa nimemkaidi mara ya pili, na sijui kama ile simu ataipokea tena.

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliowahi kuumizwa na mama anayewapenda, niambieni kabla ya Alhamisi. Nisimame, au safari hii nikae?